Shajara ya Hilux: je, injini hii inahitaji kopo la kunasia oili?

9 Machi. Kilomita 268,410

Nimeanza kuandika shajara hii kwa sababu ya mpira mmoja. Nilikuwa nabadilisha chujio la hewa la pikapu yetu, Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 1KD-FTV, silinda 4, cc 2,982, yenye turbo, nikaona vumbi limeganda kwa unyevu kuzunguka kiungo cha mpira unaoingia kwenye intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Nilipolegeza klipu na kuingiza kidole, kilitoka kimefunikwa na utando wa oili safi, mwembamba, kama chai ya rangi iliyokolea. Nikaendelea mbele zaidi, mahali ambapo hewa iliyokwisha kupoozwa inakutana na moshi wa ekzosi unaorudishwa ndani ya injini na vali ya EGR, na hapo hali ilikuwa nyingine kabisa. Ukuta wa ndani wa menifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, ulikuwa umevaa tope jeusi, zito, lililong'aa kama lami iliyoachwa juani. Nililichoma kwa kijiti cha kiberiti hadi kikagusa chuma, nikapima alama iliyobaki kwenye kijiti, nikapata milimita 4.

Gari hili ndilo linalotulisha. Hupandisha mbolea kutoka Mbeya mjini hadi Isyonje na vijiji vya kuelekea Kitulo, kisha hushuka na viazi. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na safari zetu huishia juu zaidi ya mita 2,500, kwa hiyo turbo ya gari hili haipumziki kama ya gari linalotembea Dar es Salaam.

Fundi wetu, mzee aliyeyatengeneza magari ya nyumbani tangu enzi za baba, alitazama kidole changu akasema, "Mwanangu, funga kopo la kunasia oili, utasahau habari hii." Kopo hilo ni chombo kinachofungwa kwenye njia ya gesi inayotoka ndani ya injini, ili linase oili kabla haijafika kwenye njia ya hewa. Ninamheshimu sana mzee huyu, na huenda yuko sahihi. Hata hivyo, nimeamua nisifunge kitu chochote kabla ya kujua oili hiyo inatoka wapi na ni nyingi kiasi gani.

10 Machi

Leo sikugusa spana. Nilikaa na daftari nikachora njia ya oili, kwa sababu naona watu wengi hununua kopo bila kujua linakaa wapi katika safari ya gesi.

Kila mafuta yanapowaka ndani ya silinda, sehemu ndogo ya gesi hupenya kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, ikashuka hadi kwenye nafasi ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni chini ya injini. Huko inakutana na matone ya oili yanayorushwa na krenki na yale yanayotoka kwenye beringi, ikabeba yaliyo madogo sana kama ukungu. Gesi hiyo lazima itoke, la sivyo shinikizo litapanda hadi sili zianze kuvuja. Zamani magari yaliitoa chini ya gari kwa bomba lililoelekea barabarani. Magari mapya yaliyouzwa California yalianza kuwekewa mfumo wa kuirudisha ndani ya injini mwaka 1961, na baadaye utaratibu huo ukaenea. Kwenye Hilux yetu gesi inatoka juu, kwenye tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, inapita kwenye mpira wa kupumulia na kuingia kwenye bomba la hewa kabla ya turbo. Turbo huimeza pamoja na hewa safi, huisukuma kwenye intakula, kisha kwenye menifoldi.

Hapo ndipo mambo mawili yanapokutana. Ukungu wa oili peke yake hauzibi kitu, hulowesha tu. Masizi ya EGR peke yake ni makavu, na mengi yangepita na hewa yakaungua tena. Lakini masizi yakitua kwenye ukuta uliolowa oili, hunata, na yanayokuja nyuma hunata juu ya hayo, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo tope nililochoma jana lina wazazi wawili, na kopo linamgusa mmoja tu. Wapo mafundi wanaoziba EGR kwa kipande cha bati na kuona kazi imekwisha. Mimi sitafanya hivyo; vali hiyo iliwekwa kwa ajili ya kupunguza gesi chafu zinazotoka kwenye ekzosi, na barabara ya kwetu inapita mbele ya shule.

16 Machi. Kilomita 268,655

Siku ya vipimo. Nilinunua mita 3 za mpira mwangavu, nikaukunja katikati uwe na umbo la herufi U, nikaufunga kwenye ubao uliochorwa milimita, nikamimina maji yaliyotiwa wino wa bluu. Ncha moja niliiunganisha na bomba la kijiti cha kupimia oili, nyingine nikaiacha wazi. Tofauti ya urefu kati ya safu mbili za maji ndiyo shinikizo lililomo ndani ya injini, na ni kipimo cha kuaminika kuliko kifaa chochote cha bei rahisi, kwa kuwa sentimita 10 za maji ni sawa na karibu kilopaskali 1, iwe Mbeya au Mombasa. Niliuchomoa kwanza mpira wa kupumulia kwenye bomba la hewa na kuuelekeza pembeni, ili mvuto wa turbo usiharibu kipimo.

Injini ikiwa ya moto, bila kukanyaga mafuta, tofauti ilikuwa milimita 22. Kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika ikafika milimita 58. Namba hizo hazikunitisha sana kwa injini yenye umri huu. Kilichonisumbua ni kwamba maji hayakutulia. Mpwa wangu, niliyempa kazi ya kusoma ubao, aliniita, "Mjomba, njoo uone, maji yanatetemeka!" Nilipoinama nikaona kweli uso wa maji unapiga kwa haraka, na nilipofungua kifuniko cha kujazia oili nikasikia pumzi fupifupi, chu, chu, chu, zikitoka na harufu kali ya moshi wa dizeli.

Harufu hiyo ndiyo iliyobadilisha mradi huu. Gesi inayopenya kwenye ringi zote kwa uchovu wa kawaida hutoka kama pumzi inayoendelea, na harufu yake zaidi ni ya oili ya moto. Pumzi ya vipandevipande yenye moshi mbichi inaonyesha kuna mahali pamoja panapovuja moja kwa moja kutoka kwenye chumba cha kuwakia. Kwa injini za 1KD mafundi wanalijua tatizo hili: nozeli, yaani vinyunyizio vya dizeli, zimesimama ndani ya eneo la tapeti kava, na kila nozeli imekaa juu ya washa ya shaba inayozuia moto usipande. Washa hiyo ikichoka, gesi ya mwako hupanda kando ya nozeli, ikaingia kwenye tapeti kava, na kutoka hapo ikashuka kwenye oili yote ya injini ikiwa imebeba kaboni. Kaboni hiyo hushuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, ikanasa kwenye wavu wa bomba linalofyonza oili. Wavu ukiziba, pampu ya oili inakosa cha kuvuta, na injini inakufa, wakati mwingine bila taa ya onyo kuwaka mapema.

Nimeandika sentimita nyingi za wino kuhusu jambo ambalo silo kopo, lakini naomba msomaji anivumilie. Kama ningefunga kopo wiki iliyopita, lingejaa, ningelimwaga, ningefurahi kwamba linafanya kazi, na huku washa inaendelea kuvuja.

30 Machi. Kilomita 268,902

Tulifungua tapeti kava jana asubuhi, mimi na mzee fundi. Nozeli ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa na rangi ya kahawia ya kawaida. Ya tatu ilikuwa imezungukwa na kaboni ngumu, nyeusi, iliyojijenga kama kichuguu kidogo kuzunguka shina lake, na tulipoivuta ikatoka na washa iliyoungua upande mmoja, yenye mfereji mwembamba uliochorwa na moto. Nimeiweka washa hiyo kwenye kasha la kiberiti ndani ya dashibodi. Mfereji wenyewe una upana wa uzi wa kushonea.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila ilihitaji subira. Tulisafisha kiti cha kila nozeli kwa kifaa cha kukwangulia na kitambaa kisichotoa nyuzi, tukiwa tumepaka grisi kwenye ncha ya kifaa ili unga wa kaboni unate hapo usidondoke kwenye silinda. Washa mpya ziliingia zote 4, maana ya zamani ikishabanwa haifai kurudishwa. Kila nozeli ilirudi kwenye silinda yake ileile, kwa kuwa kila moja ina namba yake ya masahihisho ambayo kompyuta ya gari imeihifadhi kwa silinda husika, na kuzichanganya kungeleta mtikisiko ambao tungeutafuta mwezi mzima. Boliti tulizikaza kwa spana ya kupimia nguvu. Mzee alikuwa amezoea kukaza kwa mkono, lakini alikubali, na nilimshukuru.

Mchana tulishusha sampu. Wavu wa kufyonzea oili ulikuwa umefunikwa karibu theluthi moja na vipande vyeusi kama mbegu za mchicha. Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema taratibu, "Hii ingetuzimia njiani, tena na mzigo." Tuliusafisha, tukafuta sampu, tukaweka oili mpya na chujio jipya. Menifoldi nayo tuliishusha, ikakwanguliwa na kuloweshwa kwenye dizeli usiku kucha, na intakula ikaoshwa hadi maji yakatoka meupe.

6 Aprili. Kilomita 269,180

Vipimo vya marudio, ubao uleule, wino uleule. Bila kukanyaga mafuta: milimita 9. Mizunguko 2,500: milimita 31. Maji yametulia kama ya kwenye ndoo. Hakuna tena harufu ya moshi kwenye kifuniko cha oili.

Kwa kuwa kipimo cha gari lililosimama hakionyeshi kinachotokea turbo inapobeba mzigo, nilipitisha mpira mwangavu dirishani, nikaufunga kwa gundi ya karatasi, nikamkalisha mpwa wangu na ubao mapajani. Mpira wa kupumulia niliurudisha mahali pake kwanza. Siwezi kuendesha barabarani na gesi ya oili ikipulizwa karibu na ekzosi ya moto. Tulipanda kutoka Uyole kuelekea Mlima Nyoka na mifuko 20 ya mbolea, gia ya tatu, na usomaji wa juu kabisa ulikuwa milimita 40. Nimeridhika. Ringi za injini hii bado zina maisha.

Sasa swali la awali limebaki peke yake, bila ugonjwa mwingine kuliingilia: injini nzima, iliyotibiwa, inarusha oili kiasi gani kwenye njia ya hewa, na je, kiasi hicho kinastahili kopo?

11 Mei. Kilomita 271,230

Nilitengeneza kopo la majaribio kwa chupa ya chuma ya chai, ile ya kuta mbili iliyokwisha kuharibika. Chupa ya plastiki nilikataa, kwa sababu gesi inayotoka kwenye injini iliyochemka inaweza kulegeza plastiki ya maji ya kunywa, na mpira wa kuingia ungeweza kujikunja ukaziba. Ndani nilihitaji kitu cha kugongana na ukungu, maana kopo tupu hunasa matone makubwa tu. Tone kubwa lina uzito, hewa ikikata kona lenyewe huendelea moja kwa moja na kugonga ukuta. Lakini sehemu kubwa ya ukungu wa injini ni matone madogo mno, mengi chini ya mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambayo hukata kona pamoja na hewa na kutoka upande wa pili kama abiria aliyelala. Ili kuyakamata lazima yapite kwenye nyuzi nyembamba, yagusane, yaungane, yawe mazito, ndipo yadondoke.

Nakusihi usitumie pamba ya chuma ya kusugulia sufuria. Inakatika. Kipande chake kikifyonzwa kinaingia kwenye bapa za kompresa ya turbo zinazozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mimi niliweka sponji ya waya wa chuma kisichoshika kutu, ya utepe mnene, niliyoibana kati ya sahani mbili zilizotobolewa na kufungwa kwa boliti, na kwenye mpira wa kutokea nikaongeza wavu wa shaba.

Nilitembea kilomita 1,000 za kwanza kwenye safari za Isyonje na Kitulo tu, na kilomita 1,000 za pili mjini na Mbalizi, safari fupifupi. Mara ya kwanza nilimwaga mililita 14, karibu zote oili nyeusi. Mara ya pili nilimwaga mililita 23, lakini zaidi ya nusu ilikuwa maji na povu zito la rangi ya maziwa, kama mtindi uliochanganywa na kahawa. Tofauti hii inaeleweka ukikumbuka kwamba lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Injini ikipata moto wa kutosha kwa muda mrefu, mvuke hupita; ikizimwa kila baada ya dakika 10 kwenye baridi ya Mbeya, mvuke huganda popote panapopoa, na kopo la chuma lililo mbali na injini ndilo linalopoa kwanza.

Hii ndiyo siku niliyojifunza zaidi. Mililita 14 kwa kilomita 1,000 ni kidogo. Hata nikidhani kwamba chupa yangu ilinasa theluthi moja tu ya oili iliyopita, basi kwa kilomita 10,000 inapita chini ya nusu lita. Injini hii hubeba oili ya karibu lita 7. Kwa hiyo anayesema kopo litaokoa oili au litaongeza maisha ya ringi, kwa gari hili hasemi kweli. Lakini chini ya nusu lita kwa kilomita 10,000, ikikutana na masizi ya EGR, kwa kilomita zaidi ya laki mbili na nusu, ndiyo iliyojenga milimita 4 za lami kwenye menifoldi.

19 Mei

Leo nimeandika hatari, kwa sababu ndizo zinazoamua aina ya kopo.

Ya kwanza ni kuziba. Chujio la ndani likijaa, au mpira ukikunjika, shinikizo la krenki linapanda. Oili ya turbo hurudi kwenye sampu kwa kuteremka yenyewe, haisukumwi, hivyo shinikizo likipanda chini, oili inachelewa kwenye turbo na kuvujia upande wa kompresa. Mtu aliyefunga kopo ili kuzuia oili kwenye intakula anaishia kuijaza. Sili ya nyuma ya krenki nayo ikianza kuvuja, kuibadilisha kunadai kushusha gia boksi. Kwa hiyo kopo lisilo na vali ya usalama, yaani vali inayofunguka chujio likiziba, halitaingia kwenye gari hili.

Ya pili ni kujaa. Injini ya dizeli haijali inaunguza dizeli au oili. Kopo likijaa na kufyonzwa lote kwa mkupuo mlimani, injini inaweza kupanda mizunguko yenyewe na ukizima ufunguo isizimike. Gari la gia za mkono linaweza kuzimwa kwa kukanyaga breki kwa nguvu na kuachia klachi kwenye gia ya juu, lakini nani anataka kufanya hivyo Inyala, malori yakiwa mbele na nyuma?

Ya tatu ni ile ya kutoa gesi nje kupitia kichujio kidogo badala ya kuirudisha kwenye bomba la hewa. Nimeona magari kadhaa yaliyofungwa hivyo. Oili hutapakaa chini ya boneti, harufu huingia kwa abiria, na ekzosi ya turbo iko hapohapo ikiwa ya moto mkali. Sitaki.

Makopo tuliyoonyeshwa dukani yalikuwa ya alumini, mazuri machoni, ya rangi nyekundu na bluu, mengi matupu kabisa ndani. Nililifungua moja mbele ya muuzaji, nikaona matundu mawili yakitazamana bila hata kizuizi katikati. Hewa ingepita humo kama dirishani. Lile lenye chujio la nyuzi na vali ya usalama, la aina ya ProVent 200 ya Mann+Hummel, lilikuwa na bei ya karibu mara 7. Nililiangalia kwa muda mrefu.

25 Mei

Nimeamua kulifunga, lile la bei kubwa. Sababu yangu si ile niliyoanza nayo.

Menifoldi sasa ni safi, na kazi ya kuisafisha ilitugharimu siku mbili bila mapato. Kupunguza mzazi mmoja wa lile tope ni faida ya kweli, ingawa masizi yataendelea kuja. Mipira ya intakula nayo huchakaa mapema ikilowa oili. Lakini kilichonishawishi hasa ni daftari langu. Mililita za kila kilomita 1,000, zikipimwa mara kwa mara kwenye chombo kilekile, ni taarifa ya afya ya injini ambayo hakuna taa ya dashibodi inayoitoa. Washa ya nozeli ikianza kuvuja tena, kiasi kitapanda na rangi itabadilika kabla wavu wa sampu haujaziba. Ninalinunua kopo hili kama kipimo, na kazi yake ya kuchuja naichukua kama nyongeza.

Nimeamua pia lisirudishe oili kwenye sampu. Bomba la kurudishia lipo kwa wanaolitaka, lenye vali ya njia moja, na kwenye mitambo inayofanya kazi saa nyingi mfululizo lina maana. Kwetu, baada ya kuona ule mtindi wa safari za mjini, sitaki maji hayo yarudi kwenye oili. Chini tutaweka bomba fupi lenye koki.

8 Juni. Kilomita 272,315

Kazi ya leo ilichukua saa 4. Kibao cha kushikilia tulikikata kwenye bati la milimita 3, tukakifunga kwa boliti ndani ya mudigadi, mbali na turbo, mahali ambapo mkono unafika bila kutoa betri. Mipira ni ya kuhimili oili. Ule wa hita ya maji mzee aliukataa kabla sijasema neno, akaubonyeza kwa kucha akanionyesha mwingine wa zamani uliovimba kama soseji baada ya kubeba oili. Kipenyo cha ndani hakipungui kile cha mpira wa kiwandani mahali popote, na mpira wa kuingilia unateremka moja kwa moja hadi kwenye kopo bila bonde, kwa sababu bondeni ndipo maji hujikusanya na kuziba njia.

Kisha tukarudi kwenye ubao. Bila kukanyaga mafuta: milimita 11. Mizunguko 2,500: milimita 37. Kopo limeongeza milimita 6 za maji, kiasi ambacho sili hazitakihisi. Mzee aliutazama ubao, akauliza kama ninaweza kumtengenezea mwingine wa gereji. Nitautengeneza wiki ijayo.

20 Julai. Kilomita 274,420

Kilomita 2,105 tangu lifungwe. Asubuhi ya leo nyasi za Isyonje zilikuwa nyeupe kwa sakitu na injini ilichelewa kupata moto. Nilifungua koki juu ya kikombe cha dawa cha watoto chenye alama za mililita. Mwanzoni yalitoka maji ya kijivu, kisha povu kidogo, kisha oili nyeusi iliyoteremka kama uzi mmoja bila kukatika. Jumla ni mililita 81: oili 52, iliyobaki maji na povu, baada ya kukiacha kikombe kitulie hadi mchana. Ni karibu mililita 25 za oili kwa kilomita 1,000, wakati chupa yangu ilinasa 14 kwenye safari zilezile za mlimani, kwa hiyo zile nyuzi zinafanya kazi yake.

Nilifungua pia ule mpira wa intakula ulioanzisha yote haya na kupitisha kidole ndani. Kulikuwa na unyevu, lakini haukutosha kuacha alama kwenye karatasi nyeupe zaidi ya kivuli. Harufu kwenye kifuniko cha oili ni ya oili tu. Mpwa wangu ameandika namba zote kwenye ukurasa mpya wa daftari kwa mwandiko wake, na tumekubaliana koki ifunguliwe kila kilomita 2,000 hadi baridi iishe, halafu kila 3,000. Kwenye kilomita 280,000 tutashusha menifoldi na kuichoma tena kwa kijiti cha kiberiti.